Insulini ipi? Jinsi data za sayansi ya uhai zinavyofundishwa kubeba maana yake

Mtajie mtaalamu wa jenetiki neno insulini, naye atafikiria jeni iitwayo INS, iliyoko kwenye kromosomu ya 11 ya binadamu. Anayechunguza protini atafikiria mnyororo wa asidi amino 110 unaotengenezwa ndani ya kongosho, ambao hukatwa hatua kwa hatua mpaka ibaki homoni yenye asidi amino 51. Daktari wa kisukari atafikiria dawa iliyomo kwenye chupa, na dawa hiyo huenda isiwe homoni ileile ya mwilini: katika insulini lispro, kwa mfano, asidi amino mbili zimepishanishwa ili dawa ianze kazi mapema. Kwa mtu wa maabara ya hospitali, insulini ni namba kwenye fomu ya majibu, yaani kiasi kilichokutwa katika damu ya mgonjwa fulani, saa fulani.

Waketishe wote wanne meza moja na mazungumzo yatakwenda vizuri tu, kwa kuwa kila mmoja anaiokota maana kutokana na yanayozungumzwa. Sasa chukua majedwali yao manne, kila moja lina safu iliyoandikwa "insulin", uyatie kwenye kompyuta na uiambie iyaunganishe. Itayaunganisha. Haitauliza swali wala kulalamika, na jedwali litakalotoka litakuwa limepangika vizuri kabisa, halina maana yoyote.

Teknolojia za kisemantiki zilizaliwa kwa ajili ya tatizo hili. Mara nyingi huelezwa kwa vifupisho, RDF, OWL, SPARQL, mpaka msikilizaji anachoka kabla hajajua zinatibu ugonjwa gani. Ugonjwa ni huu: maana ya data imekaa vichwani mwa waliozikusanya, au kwenye daftari la maabara, lakini haimo ndani ya data zenyewe. Ukizipeleka data kwa mtu wa mbali, zinafika zikiwa zimeiacha maana nyuma.

Insulini ni jina moja lenye vitu vingi. Kinyume chake kipo pia, tena ndicho kinachokula muda wa watafiti wengi zaidi: kitu kimoja chenye majina mengi. Jeni ya TP53 huzalisha protini ya p53, ambayo huzuia seli zenye DNA iliyoharibika zisiendelee kugawanyika, na kwa sababu hiyo imechunguzwa mno katika utafiti wa saratani. Kamati inayopanga majina ya jeni za binadamu inaitambua kwa HGNC:11998. Hifadhidata ya jeni ya NCBI huko Marekani inaiita 7157. Ensembl, hifadhidata ya jenomu, inaiita ENSG00000141510. Protini yake, ndani ya UniProt, hifadhidata ya protini, ni P04637. Hakuna aliyekosea hapo. Kila hifadhidata ilianza kwa kazi yake, ikajitengenezea hesabu yake, na miaka ikapita.

Usisahau na majeraha ya kujitakia. Programu ya Excel ina tabia ya kugeuza chochote kinachofanana na tarehe kuwa tarehe, hivyo jeni iliyoitwa SEPT2 ikawa inageuka tarehe 2 Septemba, na MARCH1 ikawa tarehe 1 Machi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta kwamba takriban makala moja kati ya tano zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel zilikuwa na kosa la namna hii. Mwaka 2020 kamati ya majina iliamua kuzibadilisha jeni zenyewe: MARCH1 ikawa MARCHF1, na SEPT1 ikawa SEPTIN1. Sayansi ya jenetiki iliipisha njia programu ya hesabu za ofisini. Mimi naliona jambo hilo la kuchekesha na la aibu kwa pamoja.

Ukienda kwenye maelezo yanayoambatana na sampuli, hali ni mbaya zaidi. Mwaka 2019 Rafael Gonçalves na Mark Musen wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha uchunguzi wa mamilioni ya rekodi za sampuli za kibiolojia zilizohifadhiwa kwa umma. Sehemu zilizotakiwa kujazwa ndiyo au hapana zilikuwa zimejazwa mambo mengine kabisa, na sehemu za namba zilikuwa na maneno. Umri wa mtu, kitu rahisi namna hiyo, umeandikwa katika hifadhi hizo kwa vichwa vya safu vingi ajabu: age, Age, AGE, age_years, na kuendelea. Mtu anayetaka sampuli zote za watu wazima lazima kwanza agundue kila mtindo wa uandishi uliowahi kubuniwa.

Anwani badala ya jina

Hatua ya kwanza ya tiba haina mbwembwe: acha kutumia jina, tumia namba ya utambulisho isiyobadilika, na uiandike kama anwani ya wavuti. Protini ya insulini ya binadamu katika UniProt ni http://purl.uniprot.org/uniprot/P01308. Anwani hiyo haigongani na ya kitu kingine duniani. Ukiifungua, inakueleza inamaanisha nini. Na mtu mwingine aliye nchi nyingine, asiyekujua wala kukuomba ruhusa, anaweza kuitumia kwenye data zake, na siku data zenu zikikutana hakutakuwa na ubishi kwamba mnazungumzia kitu kimoja.

Hatua ya pili ni kuandika kila habari kama sentensi fupi yenye vipande vitatu: kitu, uhusiano, kitu kingine. Jeni INS / huzalisha / protini P01308. Protini P01308 / ni ya / Homo sapiens. Insulini lispro / hutibu / kisukari. Huo ndio mtindo uitwao RDF, uliopitishwa na shirika la viwango vya wavuti, W3C, mwaka 1999. Kila kipande, hata uhusiano wenyewe, kina anwani yake. "Huzalisha" ya maabara hii na "huzalisha" ya maabara ile zinaweza kukaguliwa kama ni kitu kimoja.

Mtu aliyezoea majedwali huuliza faida iko wapi, maana jedwali nalo lina mistari na safu. Faida huonekana siku ya kuunganisha. Majedwali mawili yaliyopangwa tofauti lazima mmoja akae chini aamue safu ipi iingie wapi. Sentensi za vipande vitatu huzitia kapu moja tu: anwani zinazolingana zinashikana zenyewe, na unapata mtandao mkubwa wa vitu na uhusiano wake. Kisha kuna SPARQL, lugha ya kuuliza maswali kwenye mtandao huo, iliyopitishwa mwaka 2008. Kwa hiyo swali moja linaweza kuanza UniProt kwa kutafuta protini fulani, likavuka kwenda hifadhidata nyingine kutafuta kemikali zinazoigusa protini hiyo, likarudi na jibu moja. UniProt huruhusu yeyote kuuliza kwa njia hiyo bila malipo.

Anwani na sentensi, hata hivyo, hazitoshi. Zinaiambia kompyuta kwamba vitu viwili vimeunganishwa, lakini hazijaiambia uhusiano huo unaleta matokeo gani. Kazi hiyo ni ya ontolojia, yaani msamiati wa pamoja ambao istilahi zake zimefungwa kwa uhusiano wa kimantiki.

Inzi, panya na hamira

Mwaka 1998 kundi dogo la watunza data wa viumbe vitatu, inzi wa matunda, panya na hamira, lilikubaliana kueleza kazi za jeni kwa msamiati mmoja. Mpaka wakati huo kila kundi lilikuwa na maneno yake, na jeni mbili zilizofanya kazi ileile katika inzi na panya zilieleweka kama wageni. Kazi yao iliitwa Gene Ontology. Leo ina istilahi makumi ya maelfu, na ni vigumu kukuta utafiti mkubwa wa jeni ambao haujapita humo.

Tofauti yake na kamusi ni kwamba istilahi zimefungwa pamoja kwa uhusiano unaofuata mantiki. Utando wa ndani wa mitokondria ni sehemu ya mitokondria, na mitokondria ni sehemu ya seli. Apoptosisi, seli inapojiua kwa utaratibu, ni aina ya kifo cha seli kilichopangwa. Mtafiti akiandika tu kwamba protini fulani iko kwenye utando wa ndani, kompyuta inajaza yenyewe kwamba iko kwenye mitokondria. Anayetafuta "protini zote za mitokondria" ataipata, ingawa hakuna mtu aliyeandika neno mitokondria kwenye rekodi ile.

Mantiki hiyo hugundua makosa pia. Rekodi nyingi za kazi za jeni hunakiliwa na programu kutoka spishi moja kwenda nyingine kwa kuangalia kufanana kwa mpangilio wa protini. Kuku ana homoni ya prolaktini, kama panya. Katika panya, prolaktini inahusika na utoaji wa maziwa ya kunyonyesha. Programu isiyojua zaidi ya kufanana itanakili, na tayari tuna kuku anayenyonyesha. Gene Ontology ina kanuni iliyoandikwa wazi kwamba utoaji wa maziwa ni wa mamalia peke yao. Kuku si mamalia. Rekodi inapingana na kanuni na inapigiwa kengele. Hakuna mtu aliyelazimika kuisoma.

Kila rekodi vilevile hubeba alama ya ushahidi wake: imetokana na jaribio la maabara, imetolewa na programu bila mtu kuikagua, au imekisiwa kutokana na jeni jirani. Nakubali kwamba watumiaji wengi hawaziangalii alama hizi. Ni makosa, kwa sababu hoja iliyojengwa juu ya rekodi za kunakiliwa tupu inaweza kuwa inajizunguka yenyewe.

Hapa kuna jambo linalowatatiza hata wahandisi wa hifadhidata wazoefu. Katika hifadhidata ya kawaida, kisichoandikwa hakipo: kama jina lako halimo kwenye orodha ya abiria, wewe si abiria. Katika mantiki ya OWL, lugha ambayo ontolojia nyingi za sasa zimeandikwa, kisichoandikwa hakijulikani. Basi. Kama hakuna aliyeandika kwamba protini fulani hushikana na DNA, haimaanishi haishikani. Pengine hakuna aliyewahi kujaribu. Kwa biolojia huo ndio uaminifu wa kweli, kwa sababu tusiyoyajua ni mengi kuliko tunayoyajua. Gene Ontology ina namna ya kuandika "hapana" iliyothibitishwa, na ina alama nyingine ya kusema kwamba mtu ametafuta kwenye maandiko na hakukuta ushahidi wowote. Kwa hiyo "hapana", "nimetafuta sijapata" na "sijatafuta" ni vitu vitatu. Kwenye majedwali mengi ya utafiti, vyote vitatu huandikwa kwa kisanduku kitupu.

Mgonjwa mwenye vidole virefu

Mahali ambapo faida ya haya yote inaonekana kwa macho ni kwenye magonjwa adimu. Yako maelfu, na daktari mmoja anaweza kustaafu bila kuona hata mgonjwa mmoja wa mengi kati yake.

Chukua mgonjwa mwenye vidole virefu vyembamba na lenzi ya jicho iliyohama mahali pake. Daktari mmoja ataandika "vidole vya buibui", mwingine "vidole virefu", wa tatu atatumia istilahi ya kitabibu. Human Phenotype Ontology, iliyoanzishwa mwaka 2008 mjini Berlin na kundi la Peter Robinson, inaipa kila dalili namba: vidole vya namna hiyo ni HP:0001166, lenzi iliyohama ni HP:0001083. Istilahi ya vidole imewekwa chini ya ile pana ya vidole virefu, kwa hiyo maelezo ya madaktari wale watatu, hata kama usahihi wake unatofautiana, bado yanakutana.

Sasa programu inaweza kumlinganisha mgonjwa na maelfu ya magonjwa yaliyoelezwa kwa msamiati huohuo, na hailinganishi kwa kuhesabu dalili tu. Dalili inayotokea katika magonjwa mengi ina uzito mdogo. Inayotokea katika machache ina uzito mkubwa. Homa haisemi mengi. Lenzi iliyohama inasema mengi sana. Kwa mgonjwa wetu, ugonjwa wa Marfan, unaotokana na hitilafu katika jeni FBN1, utapanda juu ya orodha. Ila hautakuwa peke yake. Homosistinuria, ugonjwa mwingine kabisa unaotokana na hitilafu katika jeni CBS, nao huleta umbo refu jembamba na lenzi iliyohama. Kinachoyatenganisha ni mambo kama uwezo wa akili, ambao katika Marfan kwa kawaida hauguswi lakini katika homosistinuria isiyotibiwa mara nyingi hudhurika.

Ndiyo sababu "hapana" ya daktari ni ya thamani kubwa. Akiandika kwamba alimchunguza mgonjwa na hakukuta ulemavu wa akili, orodha inabadilika. Akinyamaza, programu haina haki ya kudhani chochote. Mfumo wa kubadilishana taarifa za wagonjwa uitwao Phenopackets, uliokubaliwa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2022, una sehemu maalumu ya kuandika dalili iliyotafutwa ikakosekana.

Daraja linafika hadi kwa wanyama. Panya walioharibiwa jeni moja moja kwa makusudi wameelezwa katika ontolojia yao wenyewe, na kuna kazi ya kuziunganisha ontolojia hizo mbili ili kasoro ya mifupa au ya moyo wa panya ilinganishwe na ya binadamu. Jeni ambayo haijawahi kuhusishwa na ugonjwa wowote wa binadamu inaweza kuinuka kwenye orodha kwa sababu panya aliyeikosa anafanana na mgonjwa aliyelazwa. Haithibitishi lolote. Inampa tu daktari mahali pa kuanzia, na katika magonjwa haya familia nyingi zimezunguka hospitali miaka kadhaa bila hata mahali pa kuanzia.

Panapouma

Nisiuze ndoto. Kosa la kwanza linalojirudia ni kutangaza ovyo kwamba vitu viwili ni kitu kilekile. OWL ina uhusiano wa namna hiyo, nao hauna mzaha: lolote lililo kweli kwa kimoja linakuwa kweli kwa kingine. Mtu mwenye haraka, akitaka tu kusema kwamba rekodi ya jeni INS na ya protini P01308 zinahusiana, akatangaza kwamba ni kitu kimoja, kompyuta itahitimisha bila haya kwamba jeni ina asidi amino 110 na kwamba protini imekaa kwenye kromosomu ya 11. Viungo vya aina hii vikisambaa katika hifadhidata kadhaa, kuving'oa ni kazi ngumu kuliko ilivyokuwa kuviweka.

La pili ni wingi wa viwango vyenyewe. Magonjwa yana ICD ya Shirika la Afya Duniani, yana SNOMED CT inayotumika kwenye rekodi za hospitali, yana Orphanet kwa magonjwa adimu, yana OMIM kwa yale ya kurithi. Mradi wa Mondo umejitwika kazi ya kuyalinganisha, na wanaoufanya wanakutana kila siku na magonjwa ambayo orodha moja inayaona mawili na nyingine inayaona moja. Huo ni ubishi wa kitabibu. Hakuna programu ya kuumaliza. Inaweza tu kuuweka mezani ili kila mtu auone.

La tatu ni kanuni za FAIR, zilizochapishwa mwaka 2016, zinazotaka data zitafutike, zifikike, zioane na zitumike tena. Zimependwa sana, hata zimeingia kwenye masharti ya wafadhili, na nyingi zinatimizwa kwa kupakia faili mahali fulani na kulipatia namba ya kudumu. Hiyo ni robo ya safari. Wengine huzichanganya na data huria, wakati FAIR haikudai hivyo: rekodi za wagonjwa zinaweza kufungwa kwa kufuli, mradi maelezo yake yanapatikana na masharti ya kuzifikia yameandikwa. Kuoana ndiko kugumu. Kunadai msamiati wa pamoja, na msamiati wa pamoja unadai watu wakae wakubaliane, kisha wengine walipwe mwaka baada ya mwaka kuutunza. Fedha za utafiti hupenda kujenga kitu kipya. Kulipia matunzo ya cha zamani huja kwa shida.

Wapo wanaosema mifumo mipya ya akili unde itasoma majedwali yetu machafu na kukisia maana yenyewe. Inasaidia, hasa kupendekeza kwamba "vidole vya buibui" pengine ni HP:0001166 ili mtu akubali au akatae. Lakini haiwezi kukisia kisichokuwepo. Kipimo cha insulini kwenye damu kinaweza kuandikwa kwa mikro-uniti kwa mililita au kwa pikomoli kwa lita. Hata kubadilisha kutoka kimoja kwenda kingine, maabara tofauti zimetumia kizidishio cha 6 au cha 6.945. Isitoshe, vipimo vingine huona insulini za kutengenezwa kama lispro na vingine haviioni, kwa hiyo mgonjwa yuleyule anayejichoma sindano anaweza kupata majibu mawili yanayopishana sana. Jedwali lenye safu ya "insulin" na namba tupu chini yake limepoteza yote hayo, na hakuna werevu wa kuyarudisha.

Kwa hiyo maabara ndogo inayotaka data zake zitumike na wengine isianze kwa kununua mfumo wa grafu, yaani wa kuhifadhi ule mtandao wa vitu na uhusiano wake. Kubadilisha jedwali safi kuwa RDF kunaweza kufanywa baadaye, hata na mtu wa nje. Kisichoweza kufanywa baadaye ni kuandika spishi kwa namba yake ya utambulisho, jeni kwa namba na si kwa jina tu, kipimo kwa uniti yake na aina ya kifaa, na kutofautisha kisanduku kitupu cha "haikupimwa" na cha "ilipimwa, haikuonekana". Hayo yanajulikana siku ya jaribio, na anayeyajua ni yule aliyeshika bomba la kupimia. Kwa kawaida ni mwanafunzi mwenye mkataba mfupi, na muda wa kuyaandika haumo kwenye bajeti ya mradi.